Mgeni wa Mwanabaraka

Treni nyepesi ya Lewisham haina dereva. Ukiwahi kiti cha mbele kabisa, reli yote inakujia kifuani, majumba yanafunguka kushoto na kulia, na wewe umekaa tu, mikono mapajani, unakwenda. Abdulwakil alikipenda kiti hicho. Kila alipokikalia ulimjia ule usingizi mwepesi wa macho wazi, Landani ikawa kama kitu anachosimuliwa na mtu mwingine. Alizoea kusema kwamba treni hiyo ndiyo serikali yenyewe: inakwenda, inawafungia watu milango usoni, na ukitaka kumtukana anayeiendesha humwoni.

Siku hiyo ya mwezi wa tatu, mwaka 2005, alikaa na bintiye Sundus ubavuni. Treni iliingia chini ya mto, kioo kikawa cheusi, na ndani ya weusi ule akajiona yeye na msichana wamekaa mbele yao wenyewe, kama watu wawili wengine wanaokuja kuwapokea. Mmoja wao alikuwa na paji la uso la marehemu mkewe, Ummukulthum. Mara treni ikatoka juani, katikati ya minara ya benki, na wale wawili wakayeyuka.

Sundus alikuwa amepata nafasi ya chuo kikuu, upande wa magharibi nje ya mji, kusomea hali ya hewa. Baba mtu alipoambiwa mara ya kwanza aliweka kikombe chini.

"Mawingu? Umekosa vya kusomea, mwanangu? Mawingu ya hapa yanajileta yenyewe mpaka dirishani, tena bila ada."

"Ndiyo maana, Baba. Lazima awepo mtu wa kuyauliza yanatoka wapi."

Alicheka siku hiyo. Hakujua kwamba ada ndiyo itakayowafika shingoni. Mtoto anayehesabiwa kuwa wa hapa, na baba yake ni mfuaji wa mashuka ya hospitali, kaunsili, halmashauri ya mji, humlipia ada, naye hupewa mkopo wa chakula na chumba. Mtoto anayehesabiwa kuwa wa ng'ambo hujilipia mwenyewe kila kitu, na ada yake ni nyingine kabisa, ada ambayo Abdulwakil asingeimaliza hata angefua mpaka parapanda ilie. Na Sundus, aliyeingia nchi hii hajaota meno yote, kaunsili ilikuwa imemwandika wa ng'ambo. Sheria ilitaka awe ameishi hapa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuanza masomo, na akitoka, awe ametoka kwa muda tu. Sundus alikuwa ametoka. Mama yake alipofariki alikwenda kukaa Pemba, nje kidogo ya mji wa Wete, na akapitisha zaidi ya mwaka, akarudi 2003.

"Hao walioitunga," Abdulwakil alimwambia binti yake treni ilipopunguza mwendo kituo cha Poplar, "wao huwatupa watoto wao bweni wangali wanakojoa kitandani, na hakuna anayewauliza kama wamehama nyumbani."

"Usimwambie hivyo Bi Hansa, Baba. Tafadhali."

"Simwambii. Nakwambia wewe."

Bi Hansa alikuwa mshauri katika ofisi ndogo ya jumuiya iliyokuwa juu ya duka la mawigi. Mhindi, mzaliwa wa Upanga, Dar es Salaam, na Kiswahili chake kilikuwa bado kina haraka ya kule. Aliwapa chai ya maziwa bila kuwauliza kama wanataka, akafungua jalada, akavaa miwani.

"Haya, Bwana Abdulwakil. Mtoto alikwenda kufanya nini Pemba?"

"Mama yake kafa. Nimebaki mimi, mwanamume, na mtoto wa kike anayepanda umri. Ningemwacha na nani, na polisi wa trafiki? Kwetu mama akifa, mama mdogo ndiye mama. Nikampeleka kwa Mwanabaraka, mdogo wake marehemu."

"Kwa hiyo alikwenda kwa muda." Bi Hansa aliinua kalamu. "Hilo ndilo wanalotaka kusikia. Alikwenda kwa muda, alikuwa arudi."

Abdulwakil aliinua macho. Ukutani palikuwa na picha ya maporomoko ya maji, na alipoitazama kwa muda maji yakaanza kutiririka.

"Tiketi yake ilikuwa ya kwenda na kurudi?" Bi Hansa aliuliza.

"Ya kwenda."

"Haidhuru. Wengi hununua hivyo. Na huyo shemeji yako ulimwambiaje? Nataka maneno yenyewe, maana watauliza."

Hapo pana jambo ambalo Mzungu wa kaunsili halijui, na hata Bi Hansa alikuwa amelisahau. Mtoto hapewi mtu kama sufuria ya kuazima harusini, kwamba ukimaliza pilau unairudisha. Huendi kwa mwanamke asiyejaaliwa kizazi, umemshika mtoto mkono, ukamwambia nakuachia mpaka mwezi fulani. Huko ni kumzaba kofi. Unasema neno moja, unainamisha kichwa, unaondoka. Abdulwakil alilisema kizingitini kwa Mwanabaraka, watu walipokwisha kutawanyika kwenye hitima.

"Nilimwambia, 'Huyu mwanao.'"

Kalamu ya Bi Hansa ilibaki hewani. Sundus alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, akitazama dirishani, ambako wingu refu lilikuwa likipita juu ya mapaa bila haraka yoyote.

"Ulinitoa?" aliuliza kwa Kiingereza. Kisha akarudia kwa Kiswahili, Kiswahili kile cha Pemba alichorudi nacho, kizito kuliko cha baba yake. "Kila Ijumaa n'likuwa namuuliza lini Baba anakuja kunchukua. Akinambia inshaallah. Kumbe mlikuwa mnajua nyote wawili."

"Sundus, mama yako alikuwa kafa."

"Nilikuwepo, Baba."

Bi Hansa alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Akasema polepole kwamba njia ipo moja. Huyo mwanamke aandike kwamba mtoto alifikia kwake kama mgeni, kwamba tangu mwanzo ilijulikana atarudi kwa baba yake, na karatasi hiyo igongwe muhuri na kiongozi wa serikali wa pale mtaani.

"Sheha," Abdulwakil alisema, akacheka kicheko kisicho na raha.

Alikuwa na sababu. Sheha ndiye jicho la serikali mtaani, na katika mtaa ule watu walikuwa wamepasuka pande mbili tangu uchaguzi. Hawa hawanunui chumvi kwenye duka la wale, wale hawaendi kwenye maziko ya hawa. Mume wa Mwanabaraka aliwekwa ndani kwa ajili ya bendera ya chama, na aliyeonyesha nyumba yake, watu walisema, ni sheha. Tangu siku ile Mwanabaraka hakuitikia salamu ya mtu yule, hata ya Idi. Sasa aende barazani kwake, akasimame mbele yake, aseme kwa kinywa chake kwamba mtoto aliyemlea ni mgeni.

"Basi," Sundus alisema, akasimama. "Ntasubiri mwaka. Mwakani miaka mitatu itakuwa imetimia."

"Mwakani ada zinapanda karibu mara tatu," Bi Hansa alimwambia. "Imeshapita bungeni."

"Wao walisoma bure," Abdulwakil alisema. "Bure! Wamepanda ngazi, halafu wakaivuta juu."

Lakini hofu yake haikuwa ada. Aliujua huo "mwaka mmoja". Yeye mwenyewe aliingia kwenye chumba cha kufulia hospitalini kwa mwaka mmoja tu, mpaka mambo yatengenee. Alimwona Sundus amevaa aproni ya plastiki, amesimama mahali pake yeye, mawingu yote ya Mungu yamegeuka mvuke wa mashine.

Wiki ile nyumba yao ilikuwa kimya kama nyumba ya wapangaji wasiojuana. Sundus alipika, akapakua, akala chumbani. Abdulwakil alikwenda kazini na kurudi, na njiani basi lilimbeba kama mtu abebwaye na ndoto: taa nyekundu, mvua, mwanamke mwenye mwavuli, taa nyekundu tena.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya ardhi. Mashine ya kukunja ilikuwa imekufa tangu Krismasi, na wakubwa walikuwa bado wanakutana kujadili ni idara gani inunue nyingine, kwa hiyo mashuka yalikunjwa kwa mkono, watu wawili wawili. Mwenziwe Abdulwakil alikuwa Anselm, Mmatengo wa Mbinga, mtu wa maneno mengi.

"Leo mzee umenuna kama ndimu," Anselm alimwambia. "Mpemba akinuna hata mvuke unageuka barafu. Ngoja nikakuletee chai."

Akatoka. Abdulwakil akachukua shuka jingine, akalirusha, na upande wa pili ukashikwa. Ukavutwa ukanyooka, kama vile Ummukulthum alivyokuwa akiyavuta mashuka yao, kwa mkupuo mmoja mkali. Alikuwa amesimama ndani ya mvuke na kanga yake ya kujifungia, hana haraka.

"Ulimpa mdogo wangu mtoto bila kuniuliza," alisema.

"Ulikuwa umekufa."

"Nilikuwa hapo karibu tu."

Walikunja. Alimsogelea na pembe zake mbili, vidole vyao vikakaribia kugusana, akarudi nyuma tena.

"Na sasa unataka kumnyang'anya."

"Nifanyeje, mama Sundus? Hawa watu wananitaka neno ambalo si langu."

"Mpigie. Wala usianze kumuuliza habari za mvua, maana nakujua."

"Mzee!" Anselm alikuwa mlangoni na vikombe viwili. "Unakunja na nani?"

Shuka lilikuwa limelala juu ya meza, limekunjwa vizuri, pembe juu ya pembe.

"Na mama Sundus," Abdulwakil alisema.

Anselm alimtazama, akaweka chai, akashika pembe za shuka lililofuata.

Jumamosi alikwenda kwenye duka la simu karibu na soko la Lewisham. Mwenyewe alikuwa Célestine, mama wa Kikongo mwenye sauti ya kanisani, aliyegawa duka lake kwa mbao vikawa vyumba vidogo vidogo, kila kimoja na simu yake na stuli yake.

"Papa, ingia namba tatu. Laini ya Tanzania leo iko muzuri, kama uko naongea na jirani."

Haikuwa nzuri hivyo. Kila neno lilikwenda, likakawia mahali, kisha likamrudia sikioni mwake kwa sauti yake mwenyewe, kana kwamba kulikuwa na Abdulwakil mwingine huko anayemwiga.

"Shemegi! Hamjambo huko?"

"Hatujambo, Mwanabaraka. Mvua zimeanza?"

Mvumo mrefu wa laini. Kisha kicheko chake, kikavu.

"Shemegi, hukununua simu ya Landani kuuliza mvua. Nani kafa?"

Akamwambia. Alimwambia vibaya, kwa kuanzia mwisho: muhuri, sheha, karatasi, kaunsili, chuo, mawingu. Na neno lenyewe akalisema kwa kulimeza, mpaka Mwanabaraka akamtaka alirudie.

"Mgeni," alirudia.

Kwenye chumba cha pili kijana alikuwa akibembeleza mtu kwa Kilingala. Abdulwakil alisikiliza maneno asiyoyajua, na yalikuwa matamu.

"Mgeni siku ya tatu hupewa jembe," Mwanabaraka alisema hatimaye. "Miye sikumpa jembe. N'limpa kitanda changu, nikalala chini. Nilipika visheti nikavipeleka nyumba kwa nyumba, watu wakanipa hongera kama nimejifungua. Hata wake wa upande ule walinipa hongera, kwa siri, nyuma ya nyumba. Leo niende kwa yule mtu nikaseme nilikuwa nachezea mtoto wa watu?"

"Nimekukosea."

"Umenikosea mara ngapi? Unanipa, halafu unambia sikukupa."

"Nilikupa. Wallahi nilikupa. Ila wewe ndiye uliyemrejesha, Mwanabaraka, sikumwomba mimi."

Alisema hivyo akitafuta pa kushika tu, kama mtu anayeteleza. Lakini upande wa pili pakawa na pumzi ndefu.

"Unajua kwa nini n'limrejesha?"

"Ulisema ni skuli."

"Skuli ipo hapa. Alikuwa akisema usingizini. Kila siku, na yote kwa Kizungu. Mimi nimekaa pale chini namsikiliza, sijui anaomba maji au anamwita mamake au ananitukana. Nikimwamsha anambia hakuna kitu, Mama, lala. Mchana alikuwa wangu, shemegi. Akifumba macho tu, keshafika kwenu. N'likaa naye hivyo mpaka nikachoka kumsindikiza."

Abdulwakil aliegemeza kichwa kwenye ubao. Hakuwahi kuambiwa hayo. Alimwona msichana kalala Pemba huku anatembea Lewisham, anapanda ngazi za fleti yao, anaingia, na yeye baba yake amekaa pale mbele ya televisheni hamwoni.

"Basi hayo ndiyo uandike," alisema. "Andika hivyo hivyo."

"Niwaandikie Wazungu ndoto? Wao wanataka neno lao." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Sundus mwenyewe anasemaje?"

"Hataki uulizwe. Anasema atasubiri."

"Ah. Kamshinda adabu baba yake." Kisha akasema lazima aepue sufuria, na simu ikakatika.

Jioni Abdulwakil alibisha mlango wa chumba cha binti yake, akaingia, akakaa chini zuliani kwa kuwa kiti kilikuwa na vitabu. Akamsimulia yote, na lile la kusema usingizini. Sundus alisikiliza akiwa amekumbatia magoti.

"Nilikuwa sijui kama nasema," alisema.

"Ulikuwa unasema."

"Usimwombe tena, Baba. Nimemwita Mama mwaka mzima. Humwiti mtu Mama halafu ukamtaka akukane kwa sheha."

"Na chuo?"

Sundus alizima taa ya mezani, na mwanga wa barabarani ukaingia, wa rangi ya chungwa, ukawakalisha wote wawili ndani yake kama samaki. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ofisi ya Bi Hansa kukaa chumba kimoja bila mlango kati yao.

Hawakuomba tena. Mwanabaraka ndiye aliyepiga, simu ya nyumbani, mchana, wakati Abdulwakil ametoka kazini na amesinzia na viatu.

"Nimeshakwenda," alisema.

"Umekwenda wapi?"

"Shemegi, amka. Kwa yule mtu. Nimeshakwenda."

Abdulwakil aliketi. "Alifanyaje?"

"Aliniuliza, 'Yule si mwanao? Si ndiye uliyempikia visheti?' Nikamwambia mgeni. Akasema hasikii vizuri. Nikamwambia mgeni. Akamwita karani wake kutoka ndani, akanambia nirudie, na karani naye asikie. Nikarudia. Hapo ndipo akafungua droo akatoa muhuri. Mlangoni akanyoosha mkono wa salamu. Nikampa wangu. Mume wangu hajui, nawe usimwambie."

"Mwanabaraka, sijui nikwambie nini."

"Usinambie kitu. Nipe nambari ya faksi ya yule mama wa Kikongo unakopigia simu, kijana wa posta anataka kuituma karatasi."

Karatasi ilitoka kwenye faksi ya Célestine siku hiyo hiyo, imeinama upande, muhuri umekuwa doa jeusi. Bi Hansa aliipeleka kaunsili pamoja na barua yake. Ikapita masika, ukaingia mwezi wa sita, na jibu likaja: Sundus amehesabiwa wa hapa, ada italipwa, mkopo atapewa. Basi, hayo tu. Hakuna aliyeuliza neno lile limetoka kwenye kifua cha nani, wala limepita kwenye baraza gani. Wakubwa hawaulizi. Wa huku alitaka karatasi, wa kule alitaka mtu apigishwe magoti, na wote wawili wakapata haja yao siku moja kwa muhuri mmoja, bila hata kujuana.

Mwezi wa tisa, asubuhi ya safari, walipita kwa Célestine na begi. Sundus alitaka kuaga Pemba kabla ya kupanda treni. Aliingia namba tatu, na baba yake akasimama mlangoni, kwa kuwa chumba hakikuwatosha. Sauti ya Mwanabaraka ilisikika mpaka nje, ndogo na safi. Siku hiyo kweli laini ilikuwa kama ya jirani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mgeni wangu. Hujambo?"

Sundus aligeuka akamtazama baba yake, akageukia ubao tena.

"Mama, ni mimi. Sundus."

"Nakujua, mwanangwa. Sauti yako naijua. Mgeni wangu anakwenda chuo leo, nimeambiwa. Umekula?"

"Mama, kwa nini unaniita hivyo? Ile ilikuwa karatasi tu."

"Karatasi ni yao." Hapakuwa na hasira ndani yake, alisema kama anayemweleza mtoto njia ya kisimani. "Miye n'lisema kwa mdomo, mara tatu, mbele ya watu wawili wasionipenda. Nikija kusema vingine watasema Mwanabaraka muongo, na uongo wangu utakufuata mpaka huko. Wacha likae. Mgeni si mtu mbaya. Mgeni hupendwa vilevile."

Abdulwakil aliyaona mabega ya binti yake yanapanda na kushuka. Nje ya kioo soko lilikuwa likielea katika mwanga wa asubuhi, mafungu ya ndizi, mafungu ya vitambaa, watu wanapita polepole kana kwamba wanatembea chini ya maji, na kwa dakika nzima hakusikia kelele yao.

"Nikipata likizo nitakuja," Sundus alisema.

"Karibu. Ukija, piga hodi, nitakufungulia."

Mtoto wa nyumba hapigi hodi. Husukuma mlango akaingia akiulizia chakula. Sundus alilijua hilo, mwaka mzima alikuwa akiusukuma. Alibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Nitapiga," alisema.

Célestine aligonga ubao kwa upole, akauliza kama wamemaliza, kwa maana kuna mtu anangoja laini. Abdulwakil akamwambia bado kidogo, akasogea akauziba mlango kwa mgongo wake.